Programu za kusimamia kazi: ipi uchukue, ipi uiache

Karakana yetu ina watu saba: maseremala wanne, fundi rangi, dereva na mimi. Mwaka jana tulitoboa milango sita ya kabati kwa vishikio ambavyo mteja alikuwa ameshavibadilisha. Ujumbe wake ulikuwepo kwenye kundi la WhatsApp, umefunikwa na picha za harusi ya dereva. Siku ile ndipo nilipoanza kutafuta programu. Kwa timu ndogo kama yetu, nazipanga hivi.

1. Trello. Kila kazi ni kadi kwenye ubao wa kwenye skrini, unaisogeza kutoka "vipimo" kwenda "kukata", kisha "rangi", kisha "kufunga". Fundi akiwa kwa mteja anapiga picha ya tepu ikiwa ukutani, anaiweka kwenye kadi, basi. Bure unapata ubao hadi 10 na watu hadi 10. (Wingi wa ubao ni mbao, karakana ilicheka wiki nzima.) Tatizo ni kwamba kadi zilizokwisha hakuna anayeziondoa, hivyo Ijumaa jioni naziondoa mwenyewe. Ukitaka kuona kazi zote kwenye kalenda, lipia.

2. Google Sheets. Haina gharama, na aliyewahi kushika daftari la mahesabu anaielewa. Ila kwenye simu safu za kulia hazionekani, nasi huko ndiko tulikoandika tarehe za kukabidhi kazi!

3. Microsoft Project. Kwa mkandarasi wa majengo hii ingepanda juu: msingi ukichelewa siku tatu, kuta na paa zinasogea zenyewe kwenye ratiba. Kwa kabati la jikoni ni kukodi lori kubeba kiti.

4. Jira. Jina limekatwa kutoka Gojira, Wajapani wanavyomwita Godzilla, lile dubwana la kwenye filamu, na ukiifungua programu utaelewa. Ni bure hadi watu 10, kwa hiyo bei si hoja. Watengeneza programu wanaihitaji. Mimi nilitaka kuandika "nunua gundi" tu, nikaulizwa hii ni kazi ya aina gani.

Kabla hujatoa kadi ya benki, soma maandishi madogo. Dola 10 kwa kichwa kwa mwezi inaonekana ndogo. Kwa watu saba ni 840 kwa mwaka, na mara nyingi bei hiyo ni ya anayelipa mwaka mzima kwa mkupuo. Kampuni moja iliuza nafasi kwa mafungu, nikalipia watu 10 wakati tuko saba.

Halafu zima arifa karibu zote siku ya kwanza, la sivyo mafundi watazima programu yenyewe. Na mteja akibadilisha kitu, kiingie kwenye kadi kwanza. WhatsApp ibaki ya salamu na harusi.

Seremala wetu mkubwa ana kitochi, haingii kokote. Kila asubuhi tunamchapishia kadi zake, anazigongomea kwa msumari juu ya msumeno wake.