Hansard za karne ya 19 mtandaoni: tathmini kwa msomaji wa historia ya Afrika Mashariki

Bunge la Uingereza limeweka mtandaoni, bila malipo na bila kumtaka mtu ajisajili, kumbukumbu za mijadala yake, ziitwazo Hansard, kuanzia mwaka 1803. Kwa anayetaka kuelewa jinsi makoloni ya ng'ambo yalivyotawaliwa kutoka London, sijaona huduma nyingine inayomsogeza karibu zaidi na ukumbi ambamo fedha ziliidhinishwa na sera kutetewa. Naipendekeza kwa moyo mkunjufu kwa walimu wa historia, wanafunzi wa vyuo na waandishi, kwa sharti kwamba msomaji ajue mapema anasoma maandishi ya aina gani.

Sehemu ya kihistoria ya tovuti imepangwa kwa miongo, kisha miaka, miezi na siku za vikao, na pia kwa majina ya wabunge. Kurasa zake ni maandishi zaidi kuliko picha, kwa hiyo husomeka vizuri hata kwenye simu yenye bando dogo, na kila hotuba ina namba ya juzuu na ya safu, jambo linalomwezesha mwalimu kuwaelekeza wanafunzi mahali hasa pa kusoma. Orodha ya majina ndiyo iliyonivutia zaidi. Ukifungua jina la William Gladstone unaweza kumfuata tangu mwaka 1833, alipokuwa mbunge kijana akitetea mabwana wa mashamba ya miwa ambao baba yake alikuwa mmoja wao, hadi mwaka 1893, akiwa Waziri Mkuu mzee anayejibu maswali kuhusu Uganda. Miaka 60 ya mtu mmoja inapatikana mahali pamoja, na mabadiliko ya msimamo wake hayafichiki.

Mwaka huo wa 1833 ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwezi Mei, waziri wa makoloni, Edward Stanley, aliwasilisha mapendekezo ya kukomesha utumwa katika makoloni, na ndani yake mlikuwa na mkopo wa pauni milioni 15 kwa waliokuwa wakimiliki watumwa. Ukisoma vikao vinavyofuata kwa mpangilio wa tarehe, utaona mkopo ukigeuka kuwa zawadi ya pauni milioni 20, na kipindi cha kufanya kazi kwa lazima baada ya uhuru kikipunguzwa kutoka miaka 12 hadi miaka 6. Vitabu vya shule hutaja sheria iliyopitishwa. Hapa unaona jinsi ilivyopiganiwa, na ni nani waliofidiwa. Baba yake Gladstone peke yake alilipwa zaidi ya pauni 100,000, na waliokuwa watumwa hawakulipwa chochote. Mwezi Julai ukafuata mjadala wa hati iliyoipa Kampuni ya India Mashariki mamlaka ya kutawala India, ambamo Thomas Macaulay aliwaambia wenzake kwamba kichwa kimoja kilichopasuliwa katika vurugu za London huwashtua watu wengi kuliko mapigano matatu makubwa huko India. Alikuwa akizungumza kuhusu mamilioni ya watu ambao hawakuwa na mbunge hata mmoja.

Sasa nilieleze lile sharti. Hansard za karne ya 19 hazikuwa kumbukumbu rasmi za neno kwa neno kama zile tulizozizoea katika Bunge la Dodoma au la Nairobi. Zilikuwa biashara ya binafsi, iliyoanzishwa na William Cobbett na kuchukuliwa na mpiga chapa Thomas Curson Hansard mwaka 1812, na sehemu kubwa ilikusanywa kutoka magazetini. Hotuba nyingi zimeandikwa kwa kauli ya taarifa, yaani mbunge fulani alisema kwamba, wala si kwa maneno yake mwenyewe. Mijadala ya usiku wa manane na ile ya kamati ya matumizi, yaani Bunge linapokaa kama kamati kuidhinisha fedha za serikali, ilifupishwa au kuachwa, na hata baada ya serikali kuanza kutoa ruzuku mwaka 1878, kumbukumbu rasmi na kamili zilianza mwaka 1909 tu. Udhaifu huu unamgusa sana anayetafuta habari za makoloni, kwa sababu mambo ya makoloni mara nyingi yalijadiliwa katika kamati hiyo hiyo ya matumizi. Mtu asinukuu sentensi ya mwaka 1840 kana kwamba ilirekodiwa na mashine.

Kwa upande wetu wa dunia, utajiri mkubwa uko katika miaka ya 1890. Machi 1892 serikali iliomba pauni 20,000 za kupima njia ya reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, na upinzani, akiwemo Gladstone, ukahoji vikali. Mwaka uliofuata ni Gladstone huyo huyo, sasa akiwa madarakani, aliyepaswa kutetea gharama za ujumbe wa Gerald Portal uliopelekwa Uganda, huku Henry Labouchere, mbunge wa chama chake mwenyewe, akitaka fungu hilo lipunguzwe. Msomaji wa Tanzania aliyewahi kumsikia mbunge akisema anashika shilingi ya mshahara wa waziri atautambua utaratibu huo mara moja: fedha inaguswa ili sera ijadiliwe. Kisha fuata reli yenyewe. Mwaka 1896 Bunge liliidhinisha pauni milioni 3, mwaka 1900 likaombwa nyongeza, na mwaka 1902 nyingine tena, hadi jumla ikafika takriban pauni milioni 5.5. Maswali ya wabunge kuhusu gharama, vibarua kutoka India na hata simba waliosimamisha kazi yanaonyesha serikali iliyokuwa ikijenga kwanza na kueleza baadaye.

Kutafuta kunahitaji ujanja kidogo. Maandishi yalisomwa na mashine kutoka kurasa zilizochapwa zamani, kwa hiyo makosa ya herufi yapo, na majina yetu yaliandikwa kwa namna nyingi: jaribu Mombassa kwa Mombasa, Burghash kwa Sultani Barghash, na M'wanga kwa Kabaka Mwanga. Tena, usitafute Afrika Mashariki chini ya Wizara ya Makoloni kabla ya mwaka 1905, kwani hadi hapo ilikuwa mikononi mwa Wizara ya Mambo ya Nje.

Mjadala wa Julai 1890 kuhusu mkataba wa Uingereza na Ujerumani ndio ninaouona wenye uzito kuliko yote. Uingereza ilikuwa ikiipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland, chenye wakazi wapatao 2,000, na Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Kukabidhi Heligoland kuliletwa Bungeni kama muswada, na ikaulizwa kama wakazi wake wametoa ridhaa. Zanzibar haikuhitaji muswada. Soma kurasa hizo, kisha soma zile za miaka ya 1895 hadi 1898 kuhusu utumwa Unguja na Pemba, ambamo George Curzon aliijibia serikali huku wabunge kama Joseph Pease wakidai hatua za haraka. Amri ya Aprili 1897 iliondoa uhalali wa utumwa, lakini iliwaacha masuria nje, na aliyetaka uhuru alilazimika kwenda mwenyewe kuudai mahakamani.

Kwa pwani ya Tanganyika, Hansard haitoshi. Huko inafaa kwenda kwenye kumbukumbu za Reichstag, bunge la Ujerumani, zilizowekwa mtandaoni na Maktaba ya Jimbo la Bavaria, nazo pia ni za bure. Kwa ubora wa taarifa zinaizidi Hansard: ziliandikwa kwa hati mkato, zinabeba maneno ya msemaji mwenyewe, na hata vicheko na makofi vimetajwa pamoja na upande wa ukumbi vilikotokea. Ugumu wake ni kwamba kurasa ni picha za herufi za Kijerumani cha kale. Anayeweza kuzisoma ataona kikao cha tarehe 26 Januari 1889, serikali ilipoomba marki milioni 2 kwa ajili ya kikosi cha afisa wa Kijerumani Hermann Wissmann dhidi ya Abushiri wa Pangani na Bwana Heri wa Sadani, viongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani. Kansela wa Ujerumani, Bismarck, alikiri kwamba yeye kwa asili si mtu wa makoloni, lakini aliziomba fedha hizo, na mbunge wa chama cha kisoshalisti, August Bebel, akapinga, akisema kupambana na utumwa ni kisingizio. Desemba mwaka huo Abushiri alinyongwa Pangani.

Katika huduma zote mbili hutamsikia Abushiri, Barghash wala Mwanga akisema kwa kinywa chake. Mwalimu atakayezitumia darasani azisome sambamba na nyaraka za ubalozi wa Uingereza zilizohifadhiwa katika Kumbukumbu za Taifa za Zanzibar, na aanze na siku moja tu, tarehe 20 Machi 1893, kwa sababu mjadala wa Uganda wa siku hiyo una hoja zote za karne nzima kuhusu nani alipe, nani atawale na kwa idhini ya nani.