Mwaka mzima wa riwaya za vijana, nami nina mvi

Kilichoniingiza humu ni homa. Nilikuwa nimejilaza kwenye kochi, simu imekwisha chaji, na kitabu pekee kilichofikika bila kuinuka kilikuwa cha mpwa wangu, amekisahau hapo tangu juzi. Jalada lilikuwa na msichana aliyetupa mgongo. Majalada mengi ya aina hii yako hivyo; utadhani wasichana wa vitabuni hawana nyuso. Nikakifungua kwa dharau, niupishe muda. Saa tisa usiku nikakifunga kimekwisha, na homa nimeisahau.

Asubuhi mwenyewe alipokifuata alinikuta bado nimekishika.

"Mjomba, hicho ni cha rika letu."

Nikamwambia sijaona popote palipoandikwa umri wa msomaji. Akakigeuza, akaniwekea kidole kwenye maandishi madogo nyuma ya jalada: miaka 14 na kuendelea.

"Basi hiyo 'kuendelea' ndiyo mimi," nikamjibu.

Tangu siku hiyo nimesoma riwaya za vijana 31, nyingi za karatasi, kadhaa kwenye simu, chache kwa masikio. Nikizipa alama kwa jumla, nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeinyima kwa makusudi na nitasema kwa nini.

Kwanza niondoe dhana niliyokuwa nayo mwenyewe. Wakutubi wa Marekani, ambako kundi hili la vitabu limeitwa "young adult" kwa miaka mingi, huwahesabu wasomaji wake kuwa wa miaka 12 hadi 18. Nilipokuwa nasikia hivyo nilifikiri ni vitabu vya watoto vilivyorefushwa, au vya watu wazima vilivyopunguzwa chumvi. Sivyo. Chumvi imo, wakati mwingine hadi inawasha. Kinachotofautisha ni mahali aliposimama msimulizi. Riwaya ya watu wazima kuhusu utoto mara nyingi husimuliwa na mtu wa miaka hamsini anayekumbuka. Anajua nani atakufa, nani atamwoa nani, na kwamba yale machozi yote ya darasa la nane yalikuwa bure. Riwaya ya vijana iliyo nzuri haina mtu huyo. Kijana yumo ndani ya jambo lenyewe, hajui litakwishaje, na hana wa kumnong'oneza.

Nilikielewa hiki vizuri nilipofika kwenye The Hunger Games ya Suzanne Collins, ya mwaka 2008. Katniss, msichana wa miaka 16, anajitolea kwenda kwenye mchezo wa kuuana badala ya mdogo wake aliyetajwa kwenye kura, na anausimulia mchezo wote kwa wakati uliopo. Ukiisikiliza kwa sikio la Kiswahili: nakimbia, najificha, nasikia kijiti kinavunjika. Hakuna "nilikimbia", isipokuwa anapokumbuka ya zamani, kwa hiyo hakuna anayekuhakikishia kwamba aliyekimbia alifika. Sisi tuliolelewa na paukwa, pakawa, tumezoea -ka- inayotiririka, akaenda, akamkuta, akamwambia, na tunajua kabisa kwamba anayesimulia amekaa kitako, salama, kisa kimeshapita. Katniss hajakaa. Nilisoma kurasa za mwanzo nikijiambia ni mtindo tu, na kufika katikati nikagundua nimekunja vidole vya miguu.

Ila ujanja huu umeigwa hadi umechakaa. Zaidi ya nusu ya vitabu vyangu 31 viko katika wakati uliopo, na vingi havina sababu yoyote ya kuwa hivyo. Nafungua kabati. Natazama nguo. Nachagua ile ya bluu. Nani anakukimbiza, mwanangu?

Niliporudi nyuma kutafuta chanzo cha riwaya za vijana nilimkuta S. E. Hinton. The Outsiders alianza kuiandika akiwa na miaka 15, na ilipotoka mwaka 1967 alikuwa na miaka 18. Herufi za mwanzo badala ya jina kamili ziliwekwa ili wahakiki wanaume wasiidharau kwa kuona imeandikwa na msichana, maana inahusu magenge ya wavulana. Nitasema ukweli: kuna sehemu niliisoma nikiona haya kidogo. Wavulana wanalia sana, mambo yanakutana kwa bahati, na kila mtu anatazama jua likizama. Lakini Ponyboy, msimulizi wa miaka 14, hana mtu mzima nyuma yake. Wazazi walikufa kwa ajali ya gari. Analelewa na kaka zake, na mkubwa wao ana miaka 20 tu. Akimwelewa vibaya huyo kaka yake mkubwa, na anamwelewa vibaya kwa kurasa nyingi, hakuna anayekohoa pembeni kumsahihisha. Msomaji ndiye anayeona kwamba yule kaka mkali anahangaika kwa upendo. Ponyboy anachelewa, nawe unabaki umeshika jambo ambalo mwenye kisa hajalishika. Hiyo raha sikuipata kwenye kitabu cha watu wazima kwa muda mrefu.

Sasa ile nyota.

Riwaya mbaya ya vijana naitambua kwa kiti. Karibu na mwisho, sura mbili au tatu kabla, kuna mtu mzima anavuta kiti. Anaweza kuwa bibi, mwalimu wa sanaa, mshauri wa shule, au yule mzee wa jirani ambaye mwanzoni alionekana mkorofi. Anaketi karibu na kijana. Kunakuwa na ukimya. Kisha anasema kile ambacho mwandishi alikuwa anakishikilia mdomoni tangu ukurasa wa kwanza: kwamba si kosa lako, kwamba kila mtu ana kovu, kwamba ukweli humweka mtu huru. Nimekiona kiti hicho mara kumi na moja katika mwaka huu. Mara moja hakikuwa kiti, kilikuwa ukingo wa kitanda cha hospitali, lakini hotuba ilikuwa ile ile.

Iliyoniuma zaidi sitaitaja. Ilihusu mvulana anayewadanganya wenzake kuhusu kazi ya baba yake. Kwa kurasa mia mbili uongo unazaa uongo. Anasahau alimwambia nani nini, anaanza kuuandika kwenye daftari asijikanyage, na mwandishi wala hamhukumu. Nilikuwa namwogopea kama mwanangu. Halafu mwalimu akavuta kiti. Kufikia ukurasa uliofuata mvulana alikuwa ameelewa kila kitu, tena kwa sentensi ndefu zilizopangika kama insha ya mtihani. Nilikitupa kitabu juu ya meza na sikujali kimeangukia wapi. Ningependa kumuuliza mwandishi: kama ulikuwa na hilo la kusema, mbona hukutuandikia barua ya ukurasa mmoja?

Dawa ya kiti ni Monster ya Walter Dean Myers, ya mwaka 1999. Ndiyo iliyopata Tuzo ya Printz ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, tuzo ya Marekani ya kitabu bora cha vijana iliyopewa jina la mkutubi wa shule huko Kansas. Steve Harmon ana miaka 16, anatoka Harlem, na yuko mahakamani kwa mauaji yaliyotokea katika wizi wa duka la dawa. Anashtakiwa kwamba ndiye aliyeingia kuangalia kama njia ni nyeupe. Shuleni alikuwa anajifunza utengenezaji wa filamu, kwa hiyo anaiandika kesi yake kama mswada wa filamu, na katikati ya mswada kuna kurasa za shajara aliyoiandika rumande. Kwenye mswada anajitazama kwa mbali, kama kamera. Kwenye shajara anatetemeka. Aliingia dukani au hakuingia? Myers anakupa vipande na kunyamaza.

Ambaye hajaisoma aruke aya hii. Jopo la raia wanaoamua kesi linamwona Steve hana hatia. Anamgeukia wakili wake, Bi. O'Brien, amefungua mikono amkumbatie. Wakili anakakamaa, anageuka kukusanya karatasi zake. Basi. Miezi inapita, Steve yuko nyumbani na kamera, anajipiga picha tena na tena, akitaka kujua yule mwanamke aliona nini. Hapo ndipo waandishi wengine kumi na mmoja wangevuta kiti. Myers amemwacha mtoto wa watu na swali lake, nami nimekaa nalo tangu mwezi wa nne.

Kuhusu namna ya kusoma, maana hili ni jambo la matumizi na limenigharimu. Riwaya zilizoandikwa kwa mistari ya mashairi huru zimekuwa nyingi, na nyingine ni nzuri mno, lakini msizisome kwenye simu kama macho yenu ni kama yangu. Long Way Down ya Jason Reynolds, ya mwaka 2017, inamhusu Will, wa miaka 15, kaka yake ameuawa kwa risasi, naye anashuka na lifti akiwa na bastola kwenda kulipa kisasi. Safari yote haizidi dakika moja. Lifti ikisimama, anaingia mtu aliyekwisha kufa. Mimi nilikuza herufi, kama ninavyofanya siku zote, na mistari ikavunjika. Mstari wa maneno sita ukawa miwili, kisha neno moja likabaki peke yake chini, likaonekana lina maana nzito kumbe limesukumwa tu. Nilifika katikati nisijue ni wapi Reynolds amenyamaza na ni wapi simu imekosa nafasi. Nikaitafuta ya karatasi, nikaanza upya. Kumbe kuna kurasa zenye mistari michache tu, imezungukwa na weupe mtupu, na kufunua ukurasa ni kama kusubiri mlango wa lifti ufunguke. Kwa karatasi niliimaliza kwa mkao mmoja.

Au isikilizeni, maana anaisoma Reynolds mwenyewe na pumzi ziko mahali pake. Si vitabu vyote vya kusikiliza vyenye bahati hiyo. Nilipata kimoja ambamo msichana wa miaka 15 amesomwa na mtu mzima aliyejibana sauti hadi puani, na kila alipokasirika nilicheka. Nilivumilia sura mbili.

Rafiki yangu mwenye binti wa miaka 13 ameniuliza kama vitabu hivi vinafaa, maana amesikia vina vifo, ubakaji na dawa za kulevya. Vinavyo. Speak ya Laurie Halse Anderson, iliyotoka mwaka 1999 kama Monster, inamhusu msichana anayeanza sekondari akiwa amekaribia kuacha kusema kabisa, na sababu ya ukimya wake ndiyo hiyo anayoiogopa rafiki yangu. Nilimwambia asome yeye kwanza. Alikaa nayo wiki, akaniandikia kwamba amemaliza na amekiacha kitabu mezani sebuleni, wala hakusema kingine. Sikumdadisi.

Limebaki la mifululizo, na hapa mimi na mpwa wangu hatuelewani. Collins alitoa vitabu vitatu vya kwanza vya The Hunger Games mwaka baada ya mwaka, 2008, 2009 na 2010, na alikuwa na cha kusema katika vyote. Waliofuata nyuma yake wengi walikuwa na kitabu kimoja na mkataba wa vitatu. Kitabu cha pili ni kutembea tu. Watu wanatoka mji mmoja kwenda mwingine, msichana hajui amchague mvulana yupi, na kwenye ukurasa wa mwisho kuna mlipuko ili ununue cha tatu. Cha tatu cha mfululizo mmoja nilikifungua nikiwa siwakumbuki nusu ya watu. Nikakiacha sura ya tisa.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote nikitarajia kuungwa mkono. Akanisikiliza huku akichezea kamba ya begi lake.

"Lakini Mjomba, sisomi ili nijue kilichotokea. Nilishawazoea. Nilitaka tu kukaa nao."

Nikamwambia hapo ndipo wachapishaji wanapomkamata. Akasema sawa, wamenikamata, ila na wewe ile sura ya tisa uliiacha pabaya, maana kwenye ya kumi ndipo yule mwenye kofia anaporudi.

Mwenye kofia yupi? Hakunijibu. Alichukua Monster kwenye rafu, akaniuliza kama mwisho wake una mtu anayevuta kiti, nikasema hauna. Kile cha tatu nimekitoa chini ya magazeti. Nimeanzia sura ya nane, kwa sababu hata ya tisa siikumbuki.