Mtambo wa samaki na mboga (akwaponiki) hapa Busia: uzoefu wangu

Nianze na jibu kabisa kwa anayejiuliza kama huu mtambo unafanya kazi: unafanya, na mimi siuachi. Niko Busia upande wa Uganda, kiwanja ni kidogo, nafasi ya kuchimba bwawa hakuna, ndio nikachukua huu mtambo kwa mafundi fulani wa Jinja: tangi la lita 1,000 la samaki, masanduku mawili ya kokoto juu, pampu na mabomba basi. Pampu inapandisha maji yenye uchafu wa samaki kwenye kokoto, humo bakteria wanageuza amonia (sumu ya uchafu huo) kuwa nitriti halafu nitreti, mboga zinakula hiyo nitreti, maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Mbolea ya dukani sijanunua, na maji naongeza tu yale yaliyopungua.

Mboga ndio zimenifurahisha sana. Sukuma inatoa majani mapana mpaka majirani wanaulizia getini, dodo (mchicha) unakata leo baada ya muda mfupi imechipua tena, nakati, mboga nyingine ya majani ya huku, pia haina shida. Samaki unamngoja miezi sita hivi, lakini mboga ni hela ya kila wiki, kwa hiyo anayenunua akiwaza samaki peke yake atachoka mapema.

Kuhusu samaki, mafundi walinisukuma nichukue ngege (tilapia), nikakataa nikataka kambare, na bado nasema hivyo hivyo kwa mtu yeyote anayetegemea stima ya huku. Stima ikikatika au Yaka (stima ya kulipia kabla) ikiisha usiku pampu inasimama, oksijeni inashuka, ngege wanaanza kuhema juu ya maji na ukichelewa unawakuta wamekufa. Kambare ana kiungo cha kupumulia hewa ya kawaida, anapanda juu, anameza hewa, anashuka zake. Ubaya wake ni kwamba wakubwa wanawala wadogo, lazima uwatenge kwa saizi mara kwa mara, hiyo kazi hutaiepuka.

Sasa malalamiko yangu, na hapa niliumia kweli. Sukuma zilianza kuota majani machanga ya njano huku mishipa ya jani imebaki kijani, hiyo ni dalili ya kukosa madini ya chuma, nikapima maji nikakuta pH (kipimo cha uchachu wa maji, 7 ndio katikati) imepita 8. Nikachukua kokoto moja kwenye sanduku, nikaikausha, nikaidondoshea siki, ikatoa povu palepale, chss, ni jiwe la chokaa! Chokaa linapandisha pH na chuma hata kama kimo kwenye maji mmea haukipati. Sisi tuko karibu na Tororo, mawe ya chokaa ya kule yametumika kutengenezea saruji, fundi anayeuza mtambo ukanda huu alitakiwa kulijua hilo kabla hajajaza sanduku. Nikawapigia, wananiambia kokoto ni kokoto. Hapana jamani, si kweli! Nilizitoa zote nikaweka mawe magumu yasiyotoa povu, pH ikashuka ikakaa karibu na 7 na majani mapya yakatoka kijani.

Kingine, waliniambia niweke samaki wote siku ileile ya kufunga mtambo, msikubali. Bakteria wanahitaji wiki 4 mpaka 6 kujenga makao kwenye kokoto, kabla ya hapo amonia inapanda na inaua. Anza na samaki wachache, pima amonia na nitriti mpaka zishuke ndio uongeze. Na maji ya bomba yaache wazi siku nzima kwanza, klorini ipungue, maana inadhuru samaki na bakteria pia.

Gharama kubwa ni chakula cha kuelea, kinachobaki dakika kadhaa bila kuliwa umezidisha, punguza. Pampu yenyewe na mabomba sina neno, vimefungwa vizuri havivuji. Ukienda kununua mwambie fundi atoe kokoto kwenye bei, utafute zako mwenyewe uzipime.