TAHADHARI: Unga wa kung'arisha matufaha ya pipi unaouzwa kama chakula

Wapendwa mnaotengeneza matufaha ya pipi na ya karameli nyumbani (yale ya kijitini yanayochovywa kwenye sukari iliyopikwa), hasa kwa sherehe za watoto, someni hili kabla ya kuagiza unga wa kung'arisha mtandaoni.

Kuna muuzaji anayepakia picha za matufaha ya rangi ya dhahabu yanayometameta hadi mate yanakudondoka. Chini yake anaandika kwamba unga wake unalika. Niliagiza, nikalipa, mzigo ukafika. Kichupa nilichopokea si kile cha kwenye picha. Hakina orodha ya viambato wala jina la mtengenezaji. Kimeandikwa "haina sumu", na ubavuni kwa herufi ndogo mno, "kwa mapambo". Nilipomuuliza kuna nini ndani, akajibu kwamba wateja wake wote wanautumia na hakuna aliyelalamika. Nilipodai pesa yangu akanizuia nisimwandikie tena, na swali nililoacha chini ya tangazo lake akalifuta.

Pesa inauma, lakini afya za watoto ndizo zilizonifanya niandike. Kitu kinaweza kuandikwa "haina sumu" kwa sababu kimekusudiwa kupambia kadi na maua ya karatasi, si kumezwa. Unga wa kuliwa hutaja vilivyomo: sukari, gundi ya akasia, maltodekstrini, wanga wa mahindi, na rangi zilizoruhusiwa kwa chakula. Usipoona orodha hiyo, usinunue, hata muuzaji akuapie.

Madhara yake yameshaonekana. Huko Marekani, mwaka 2018, watoto 6 katika jimbo la Rhode Island walitapika na kuharisha baada ya kula keki ya sherehe iliyopambwa kwa unga wa rangi ya dhahabu. Kumbe ulikuwa unga wa shaba. Mwaka 2019, jimboni Missouri, mtoto wa mwaka 1 alikutwa na madini ya risasi mwilini baada ya keki ya siku yake ya kuzaliwa. Unga mmoja wa kupambia uliopimwa ulikuwa na risasi asilimia 25. Robo nzima! Na keki huwekewa pambo juujuu tu, ilhali tufaha la pipi hupakwa lote, na mtoto huliguguna ganda lake mpaka kwenye kijiti.

Wapo wanaochanganya unga huo ndani ya sukari inayochemka wakiamini kwamba joto la nyuzi 150 litausafisha. Moto huua vijidudu. Shaba na risasi hubaki palepale.

Msitegemee pia lile jaribio la kuuweka kwenye glasi ya maji kuona kama utayeyuka. Baadhi ya unga halali una maika, madini yanayometameta ambayo hayayeyuki, kwa hiyo maji hayawezi kukuambia upi ni salama.

Muuzaji huyohuyo hutuma na karatasi ya maelekezo inayosema tufaha la karameli linakaa mezani wiki mbili. Si kweli, na ni hatari. Kijiti kikichomekwa kwenye tunda, maji yake hupenya kati ya ganda la tunda na karameli, na hapo bakteria wa listeria hustawi kwenye joto la kawaida la chumba. Mlipuko wa ugonjwa wa listeria uliotokea Marekani mwishoni mwa 2014 kutokana na matufaha ya karameli uliwaugulisha watu 35, na 34 kati yao walilazwa. Yawekeni kwenye friji na yaliwe mapema.

Na jamani, mng'ao hauhitaji unga. Toa nta ya tunda kwa maji ya moto, likaushe kabisa, pika sukari hadi nyuzi 150 kwa kipimajoto, tia rangi ya chakula, chovya. Litang'aa kama kioo.

Kama tayari una kichupa cha namna hiyo, usikitupe ikiwa kuna mtoto aliyekula. Nenda naye kwa daktari pamoja na kichupa chenyewe, na uombe apimwe damu kuangalia risasi, hata kama anaonekana mzima.