Ziara ya Kuongozwa Katika Hekalu la A-Ma, Macau

Kuingia katika Hekalu la A-Ma, chini ya kilima cha Barra mjini Macau, China, hakuna malipo, kwa hiyo anayelipia ziara ya kuongozwa hununua maelezo tu. Nililipia ziara ya saa mbili kwa kampuni moja ndogo ya mjini humo, na ninaipima kwa maelezo hayo.

Mwanzo ulikuwa mzuri sana. Kabla hatujavuka lango, mwongozaji alitukusanya kivulini akatusimulia habari za Lin Mo, ambaye ndiye A-Ma, mungu wa kike wa bahari anayeabudiwa humo: binti wa kisiwa cha Meizhou katika jimbo la Fujian, ambaye kwa mapokeo alizaliwa mwaka 960 na akaitwa Mo, yaani kimya, kwa kuwa hakulia alipozaliwa. Siku moja, akiwa anafuma nguo, alizimia, na roho yake ikaenda baharini kuwaokoa baba na kaka zake waliokumbwa na dhoruba. Mama yake, akidhani mwanawe anakufa, alipiga ukelele na kumzindua, na mmoja wa wale aliokuwa amewashika akamponyoka. Wengine husema aliyepotea ni baba, wengine husema ni kaka, na nilimheshimu mwongozaji kwa kutoificha tofauti hiyo. Alieleza pia kwamba binti huyo alifariki mwaka 987, na kwamba watawala wa China walizidi kumpandisha hadhi hata akaitwa Malkia wa Mbinguni, ingawa wavuvi waliendelea kumwita Mazu au A-Ma, kama mtu anavyomwita mzee wa nyumbani kwake.

Simulizi ya Macau yenyewe aliitoa vizuri vilevile: msichana maskini, kumbe ni A-Ma mwenyewe, anaomba kusafirishwa, wenye majahazi makubwa wanamkataa, mvuvi mmoja anampakia, tufani inapiga, na chombo cha yule mvuvi peke yake kinafika salama. Jina la Macau, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, limetokana na A-Ma-Gau, yaani ghuba ya A-Ma, ambalo Wareno walilisikia hapo.

Baada ya hapo, haraka iliiharibu ziara. Tulipita mbele ya jabali lililochongwa picha ya jahazi lenye matanga bila kupewa hata dakika mbili, na kwangu mimi niliyelelewa pwani, hilo ndilo jiwe lenye thamani kuliko yote mahali pale. Mama mmoja alikuwa akirusha vile vipande viwili vya mti vyenye umbo la mwezi mwandamo, ambavyo waumini hutumia kumwuliza Mazu swali: kimoja kikilala kifudifudi na kingine chali, jibu ni ndiyo. Sisi tuliambiwa tu tupige picha. Ibada ya mtu haifai kufanywa pambo la picha, na maelezo mafupi kwa sauti ya chini yangetutosha.

Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba Zheng He, amiri wa China aliyeongoza misafara ya majahazi hadi Afrika Mashariki, hakutajwa kabisa. Mwaka 1431 amiri huyo alisimamisha jiwe la maandishi huko Changle, Fujian, kumshukuru mungu huyu wa kike, akieleza jinsi taa ya ajabu ilivyowaka juu ya mlingoti wakati wa dhoruba na hatari ikatulia. Jiwe hilohilo linataja zawadi zilizotoka Mogadishu na Barawa, wakiwamo simba, ngamia na mbuni. Mgeni kutoka Afrika Mashariki angeondoka hapo akijua kwamba mabaharia waliofika pwani yetu walisafiri wakimwomba A-Ma awalinde.

Bado ninaipendekeza ziara hii kwa anayefika mara ya kwanza, kwa sababu msimuliaji ni hodari na bei haikunielemea. Ila kabla ya kulipa, uliza kama kundi litapanda ngazi hadi juu, kwani letu liliishia kwenye ukumbi wa chini. Nilipanda peke yangu baadaye, nikapita Ukumbi wa Hisani, unaosemekana kuwa wa mwaka 1488, hadi kwa Guanyin, mungu wa huruma wa Wabuddha, na moshi wa ubani ukiwa umebaki chini yangu, nikakaa pale karibu saa nzima.