P2 na tembe za kila siku: pakiti unaitupa au unaendelea?

Haya, karibuni wadau, mlioko Kondele, Nyalenda, Maseno, na nyinyi wa Busia mnaolalamika kila mara kwamba nawasahau. Leo sina pedi wala mafuta ya nywele hapa mezani. Nina pakiti mbili. Hii ndefu ni tembe za kupanga uzazi, zile za kila siku. Hii ndogo ni P2, ile ya dharura unayomeza baada ya tendo bila kinga ili usipate mimba. Majina ya kampuni nimeyaziba kwa utepe maana hakuna aliyenilipa. Anayetaka kunilipa aje tuongee.

Tembe mnazijua, moja kwa siku, saa ile ile, sitawachosha. Swali linalojaa kwenye simu yangu ni hili: "Dada, nilisahau tembe, nikameza P2. Sasa hii pakiti niitupe?"

Usitupe! Nilipokuwa nikiuza dawa hapa Kondele nimewaona wengi sana, anameza P2 kisha anaacha tembe akingoja hedhi, eti dawa zitagongana tumboni. Zigongane vipi? Ngoja nisogeze kamera. Nyuma ya P2 pameandikwa levonorgestreli. Nyuma ya hii ndefu, levonorgestreli tena, pamoja na homoni ya pili. Kilichobadilika ni kipimo. Tembe moja hapa ina miligramu 0.15, na dozi nzima ya P2 ni 1.5. Mara kumi. Na wewe unayepiga hesabu ya kumeza tembe kumi kwa mkupuo, acha, ile homoni ya pili itakutapisha mpaka ujute.

Kwa hivyo ukishameza P2, tembe inayofuata unaimeza siku yake kama kawaida, na kondomu mnatumia siku 7. Kwa nini kondomu? Kwa sababu P2 kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke. Haitoi mimba iliyoingia, haizuii Ukimwi, na haikulindi kwa tendo la kesho. Kuna mtu anaimeza Ijumaa akidhani amejikinga mwezi mzima!

Sasa niwaonyeshe kinachoniudhi. Nafungua... mnaona? Vidonge viwili. Na karatasi ya maelezo ndiyo hii, naikunjua, bado naikunjua, na maandishi ni madogo kama mayai ya chawa. Kila kidonge ni 0.75. Zamani tuliambiwa umeze kimoja sasa, kingine baada ya masaa 12. Halafu mwaka 2002 ukatoka utafiti wa Shirika la Afya Duniani ulioonyesha kwamba kumeza vyote viwili kwa pamoja kunafanya kazi vile vile. Basi meza vyote, maliza. Lakini ukimpa mtu vidonge viwili vilivyotenganishwa hivi, atafanya nini? Atameza kimoja, kingine akiweke kwa pochi "cha siku nyingine". Nimewaona marafiki wawili wakigawana mbele ya kaunta, huyu kimoja, huyu kimoja, wakaenda zao wakicheka. Nusu dozi kila mtu! Ile ya kidonge kimoja cha 1.5 kwangu ndiyo bora, hata kama ina dawa ile ile. Hakuna cha kugawana.

Muda: mapema kabisa, ndani ya masaa 72 baada ya tendo. Mpaka siku ya tano inaweza kusaidia, ila nguvu inazidi kupungua. Ukitapika kabla masaa mawili hayajaisha, rudia dozi.

Lakini ngoja, huenda hata hukuihitaji. Umesahau tembe moja au mbili? Meza ukikumbuka, endelea, P2 ya nini? Ukisahau tatu au zaidi, hapo ndipo panahitaji akili. Meza moja mara moja, kondomu siku 7, na kama mlikutana ndani ya siku 5 zilizopita, muulize mhudumu kuhusu P2. Kama ni wiki ya tatu, maliza zenye homoni, ruka hizi saba za kahawia, uanze pakiti mpya. Hizi za kahawia ni madini ya chuma tu. Ukisahau ya kahawia, itupe. Kuna mtu alikuja na boda usiku kununua P2 kwa ajili ya tembe ya kahawia, jamani!

Mama anayenyonyesha, tembe zako za homoni moja zina masharti makali zaidi, hiyo ni video ya peke yake.

Wapinzani wa P2 sasa. Kuna ulipristali, dawa nyingine ya dharura, ile inayouzwa kwa jina la ellaOne, na hiyo ni kinyume kabisa: ukiimeza, tembe zako unasubiri siku 5 ndipo urudie, maana homoni ya tembe inaipunguzia nguvu. Halafu kuna koili ya shaba, inayowekwa kwenye mfuko wa uzazi. Ikiwekwa kabla siku 5 hazijapita baada ya tendo inazishinda zote, na inabaki kukulinda miaka 10 au zaidi. Mimi mwenyewe sijaipenda, lakini ukweli ni ukweli.

Na hili naomba mniskilize: kama unatumia rifampisini ya TB, efavirenzi ya Ukimwi, au kabamazepini ya kifafa, mwambie muuza dawa kabla hujalipa. Dawa hizo hupunguza nguvu za P2 na za tembe pia. Usione aibu pale kaunta, mwambie pembeni.

Wiki ya zile za kahawia ikipita bila damu, pima mimba.

Bei? Mjini Kisumu inategemea sura yako na saa uliyoingia, msichana akiingia amefunika uso usiku bei inapanda. Tembe kwenye vituo vya serikali ni bure, zikiwepo. Kipindi sasa kitakuwa Jumamosi, na kinachofuata ni vikombe vya hedhi, viwili tayari vimefika. Niandikieni hapo chini P2 inauzwa ngapi kwenu, Kakamega, Siaya, Nakuru, na kama mlipewa ya kidonge kimoja au hii ya viwili.