Kamba ya maombi ya mafundo 100 kutoka Luanda

Mimi ni fundi cherehani pale Kibuye, Kisumu, na nikishika kitu cha uzi lazima nikague fundo kwanza. Kamba hii nimeinunua shilingi 700 kwa mama mmoja Mwothodoksi anayezisuka mwenyewe huko Luanda, Vihiga. Ni uzi mweusi wa sufu, mafundo 100, na kila baada ya mafundo 25 kuna ushanga wa mbao. Kila fundo limefungwa kwa misalaba midogo tisa iliyopitana, kama watawa wanavyofunga tangu jadi. Nimelivuta, nimelichokoa kwa sindano, halikulegea.

Kamba ni ya Sala ya Yesu: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi." Fundo moja, sala moja. Hushikwa kwa mkono wa kushoto, wa kulia ubaki kwa ishara ya msalaba. Sala hii ilikuzwa na watawa wa jangwani, Misri na Sinai, lakini kilio chenyewe ni kile cha mtoza ushuru na kipofu wa Yeriko, wote wawili katika Luka 18. Mimi ni Mwanglikana na sijaona humo neno la kunikwaza. Mama aliniambia nisiikimbize, na mawazo yakitoroka nisigombane nayo, nilirudie tu jina la Bwana. Ushauri huo ningeulipia peke yake.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba haina kelele. Ijumaa huwa tunashona sare za mazishi hadi usiku, na wafiwa wanakaa kwenye benchi wakingoja. Pasi ya makaa ikiwa bado haijashika moto, mkono unaingia mfukoni mwa aproni na mafundo yanaanza kupita. Mjane anaendelea kunisimulia habari za marehemu, nami namsikia vizuri kuliko zamani, nilipokuwa natafuta cha kumjibu. Pale kwenye "unihurumie" huwa nasema "utuhurumie". Nadhani Bwana anaelewa.

Kasoro zipo. Rangi inachuja ukitoka jasho, na kwa joto la Kisumu utatoka, kwa hiyo ilowekeni kwanza kwenye maji baridi, muianike kivulini. Kishada cha mwisho nacho kilikuwa kimeshikizwa kwa uzi mwembamba mno. Nimekirudia kwa mkono.

Mama huyo anazo pia ndogo za nailoni, mafundo 33, za kuvaa mkononi. Ni bei nafuu na vijana wanazipenda, ila mimi sizipendekezi kwa kuombea. Nailoni inateleza, kidole kinapita mafundo mawili bila kujua. Ongeza pesa uchukue ya sufu, na umwagize mapema, maana ya mafundo 100 haisukwi kwa siku moja.